Umeme wa Kitanda cha Tatu

Mkaguzi Wi Jeong-nim alikuwa na saa ishirini na saba za kumwokoa Pyo Mi-rye, au kumfunga. Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa amesema bila kuinua macho kwenye meza yake: kesho Jumamosi, saa sita mchana, jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na Wi alikuwa anapanda ngazi za kliniki ya Daktari Maeng kwa mara ya tatu wiki ile, huku harufu ya mbolea kutoka duka la mbegu la chini ikimfuata hadi mlangoni.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na hicho ndicho kilichomkera. Jumanne asubuhi, Mzee Tak Hae-gon, mkulima wa mapea, miaka sabini na minne, alilala kifudifudi katika chumba cha tiba apigwe umeme wa kiuno. Alipoinuka, daftari lake halikuwemo kwenye kapu la vitu vyake, miguuni mwa kitanda. Lilikuwa daftari la jalada jeusi, la miaka thelathini na mmoja: kila mti aliouzalisha, kila ua alilolichavusha kwa mkono, hadi akapata pea ambayo ukungu mweusi hauiwezi. Jumatatu ijayo alikuwa alipeleke ofisi ya usajili wa mbegu ya mkoa. Ndani ya daftari hakuna jina la mtu, kuna namba za miti na tarehe tu. Aliyelishika mkononi ndiye mwenye pea.

Asubuhi hiyo chumbani walikuwa watu wanne. Watatu walikuwa wamefungwa kwenye mashine. Wa nne, Pyo Mi-rye, mtaalamu wa viungo, miaka ishirini na tisa, ndiye pekee aliyekuwa anatembea.

"Afande, nimeshasema mara nne," Mi-rye alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba amevaa koti la nyumbani. Daktari Maeng alikuwa amemsimamisha kazi na kumnyang'anya hata lile joho jeupe.

"Utasema ya tano. Ila leo usinisimulie, nionyeshe."

Mi-rye alivuta pazia la kwanza. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, kila kimoja kimezungushiwa pazia la kijani, kila kimoja na mashine yake kwenye kimeza cha magurudumu.

"Hapa Mama Cheon, muuza samaki wakavu. Nyonga. Hapa cha pili Mzee Tak, kiuno. Hawa wawili ni vikombe vya kunyonya." Aliinua kikombe cha mpira chenye sponji ndani. "Vinashika ngozi kwa hewa. Mtu akivibandua mwenyewe vinapiga mluzi kama birika, jengo zima linasikia."

"Na havikupiga mluzi."

"Havikupiga. Wote wawili niliwatoa mimi kwa mkono wangu, na migongo yao ilikuwa na maduara mekundu kama kawaida."

"Cha tatu?"

"Bwana Gil Man-ho, mwenye kitalu cha miche. Kano ya goti ilishonwa mwezi wa tatu. Misuli ya paja ikilala muda mrefu baada ya upasuaji inasahau kazi, umeme unaikumbusha. Yeye namwekea vibandiko vinne pajani, vya gundi, siyo vikombe."

"Kwa hiyo vyake angeweza kuvibandua kimyakimya."

"Angeweza. Lakini mashine ingelia." Mi-rye aliwasha mashine ya kitanda cha tatu, akashika vibandiko hewani. Sekunde chache baadaye ikaanza kupiga kelele kama kifaranga kilichokanyagwa. "Umeme ukikosa pa kupita, inalia hadi niizime mimi. Jumanne haikulia. Na kumbukumbu yake hii hapa: imeanza saa nne na dakika mbili, imemaliza saa nne na ishirini na mbili, haina hitilafu hata moja."

Wi alisoma kioo cha mashine mara mbili, akanakili namba kwenye kijitabu chake.

"Mashine hii inaweza kudanganya?"

"Haina akili ya kudanganya, afande. Inajua kitu kimoja tu: umeme unapita au haupiti."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale sinki, naosha sponji. Maji yanafunguka, mgongo wangu uko huku. Dakika tano, sita." Sauti yake ilishuka. "Najua linavyosikika."

Simu ya Wi ikalia. Alikuwa Sajini Ban Chil-seop, mtu wa miaka hamsini na saba aliyekuwa akila kila alipokuwa anaongea, na sasa pia alikuwa anatafuna.

"Mkaguzi, nina jambo. Kituo cha mabasi. Mkata tiketi anasema Jumanne saa saba binti Pyo alipanda basi la mjini, mkoani huko. Kabeba bahasha kubwa kifuani, kaikumbatia kama mtoto mchanga. Saizi ya daftari kabisa."

Mjini mkoani ndiko iliko ofisi ya usajili wa mbegu. Wi alikata simu, akamtazama binti.

"Jumanne mchana ulikwenda mjini."

Uso wa Mi-rye ukawa mwekundu hadi masikioni. "Nilimwambia Daktari Maeng naumwa jino."

"Mimi sikuulizi habari za jino. Bahasha ilikuwa na nini?"

"Vyeti vyangu. Hospitali kubwa inatafuta mtu wa umeme wa misuli kwa waliopooza. Nilikuwa na usaili saa nane. Sikutaka Daktari ajue, angenifukuza kabla sijapata." Alicheka kidogo bila furaha. "Sasa amenifukuza bure."

Wi alitoka hadi kwenye ngazi, akampigia Ban. Sajini alichukua robo saa. "Ni kweli," alisema, safari hii bila kutafuna. "Saa nane kamili alikuwa mbele ya watu watano. Akatoka saa tisa na nusu, akarudi na basi la saa kumi. Ofisi ya mbegu iko ng'ambo ya mto, asingefika. Wanasema alikuwa wa kwanza kati ya wote, wanasubiri tu wasikie kesi inaishaje."

"Vizuri. Sasa wapigie hao wa mbegu. Waulize nani mwingine ana miadi Jumatatu."

Aliporudi ndani alivua viatu, akakunja suruali yake ya kazi hadi juu ya goti, kisha akaikunja tena.

"Niwekee," alisema, akipanda kitanda cha tatu.

"Afande?"

"Nimekuja hapa mara tatu nimeangalia mashine kama mtalii. Niwekee kama ulivyomwekea Gil. Nguvu ileile."

"Yeye alikuwa thelathini na nane. Kwa mtu wa mara ya kwanza ni nyingi."

"Mwanangu, nimezaa watatu. Weka."

Mi-rye alikunja taulo nene akalipenyeza chini ya goti la mkaguzi, akabandika vibandiko vinne pajani, baridi kama samaki, na juu ya tumbo akamlaza mfuko wa moto uliofungwa taulo la bluu lenye unyevunyevu. Akabonyeza. Kwanza walikuja sisimizi. Kisha sisimizi wakawa sindano. Kisha paja la Wi likakaza lenyewe kama limeitwa jina, goti likanyooka, mguu ukapanda hewani mbele ya macho yake. Baada ya sekunde kumi umeme ukakata, na kisigino kikaanguka kwenye ubao wa kitanda.

Tup!

"Mama yangu!" alisema Mkaguzi Wi.

"Pole. Nipunguze?"

"Usiguse." Aliinua kidole, akangoja. Sekunde ishirini za kimya. Kisha sisimizi, sindano, mguu juu. Tup!

"Huwa inagonga hivi kila mara?"

"Kila mara. Kumi inapiga, ishirini inapumzika, kwa dakika ishirini. Mwenye duka la mbegu hapo chini ameshaleta malalamiko. Wakati mwingine anagonga dari kwa ufagio."

"Na mtu akiamua kuuzuia mguu?"

"Hebu zuia."

Wi aliuma meno, akashika kingo za kitanda kwa mikono miwili. Mguu ulipanda kama vile hakuwepo. Tup! Yeye aliyewahi kumwangusha mwizi wa ng'ombe kwa mkono mmoja alikuwa ameshindwa na paja lake mwenyewe.

"Na mtu anaweza kulala usingizi hapa?"

"Kwa thelathini na nane? Labda awe maiti," alisema Mi-rye. "Na hata maiti mbichi mguu wake ungepanda."

* * *

Mama Cheon Bok-rye alikuwa nyuma ya meza yake sokoni, katikati ya vilima vya dagaa na ngisi waliokaushwa, akimfukuza mteja aliyeonja mara tatu bila kununua.

"Nenda ukaonje kwenu! Ah, mkaguzi, karibu. Umekuja kunikamata? Ngoja nivae soksi nzuri."

"Nimekuja kuazima masikio yako, dada. Jumanne, ulipokuwa kitandani, ulisikia nini?"

"Nilishamwambia yule sajini wako mlafi. Aliondoka na ngisi wangu wawili. Sikuona kitu, nilikuwa nimelala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda, naangalia sakafu kama kuku anayesubiri kisu."

"Sikuulizi ulichoona. Ulisikia nini?"

Mama Cheon alisimamisha mikono. "Maji sinkini. Mzee Tak anakoroma. Yule, umeme ukimgusa tu anakoroma. Na yule Gil na mguu wake. Tup! Tup! Nikawaza, huyu leo atatoboa sakafu."

"Aligonga hadi mwisho?"

"Aah, wapi. Aliacha mapema. Nikasema afadhali."

"Mapema lini? Fikiri vizuri, dada. Usinipe jibu la kunifurahisha."

"Mimi sifurahishi polisi bure." Alifumba macho. "Gari la mayai lilipita. Lile lenye kipaza sauti, 'mayai mabichi, mayai ya leo, trei moja kubwa.' Nikataka kumwita Mi-rye aniitie muuza mayai kwa dirishani. Nilisikia tangazo lote, neno kwa neno, kwa sababu mguu wa Gil ulikuwa umeshanyamaza. Na haukugonga tena hadi nilipotolewa."

"Una hakika haukugonga tena?"

"Mkaguzi, nimekaa sokoni miaka arobaini. Najua kelele ikianza na najua ikikoma."

Muuza mayai alipatikana kwenye simu, barabarani, kipaza sauti kikiwa bado kinaimba nyuma yake. Jumanne? Mtaa ule? Saa nne na dakika kumi, siku zote, kwa sababu saa nne na robo lazima awe shule ya msingi anashusha trei za jikoni. Wi aliandika: *dakika ya nane, kisigino kimenyamaza. Mashine imeendelea dakika kumi na mbili zaidi.* Akachora mstari chini yake.

Mashine haikudanganya. Umeme ulikuwa unapita. Swali lilikuwa unapita kwenye nini.

* * *

"Vile vibandiko," alisema Wi, akiwa hata hajamaliza ngazi. "Mnavitupa?"

"Hapana, ni ghali. Kila mgonjwa ana vyake, kwenye mfuko wenye jina."

"Vya Gil viko wapi?"

Mi-rye alifungua droo. Mfuko wa plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu nene, Gil Man-ho. Hakuna aliyeugusa tangu Jumanne, kwa sababu tangu Jumanne chumba kilikuwa kimefungwa. Wi alivaa glavu, akatoa kibandiko cha kwanza, akakigeuza upande wa gundi kwenye mwanga wa dirisha.

Akatoa cha pili, cha tatu, cha nne.

"Kwa kawaida huwa na nini?" Wi aliuliza.

"Nywele. Bwana Gil ana paja kama zulia, kila mara natoka na nywele zake." Mi-rye aliinama karibu. "Nywele zipo, lakini hizi juu yake si nywele."

Gundi ya vibandiko vyote vinne ilikuwa imejaa nyuzinyuzi ndogo, laini, zilizojikunja. Za bluu.

Wi aligeuka taratibu akatazama mfuko wa moto, pale ulipokuwa umelala kitandani ndani ya taulo lake la bluu, bichi kwa mvuke.

"Taulo bichi linapitisha umeme?"

"Maji ya bomba yana chumvichumvi," alisema Mi-rye, akilibonyeza taulo kwa kidole. "Linapitisha. Siyo vizuri kama mtu. Lakini linapitisha."

"Na wakati wa kuhamisha? Si ingelia?"

"Ingelia kama..." Mi-rye aliitazama mashine. Akashika kichwa. "Ile ishirini! Afande, zile sekunde ishirini za kupumzika mashine haitoi umeme, kwa hiyo haijui kama kuna mtu au hakuna! Ukibandua na kubandika ndani ya ishirini, haina habari!"

"Amekuja hapa mara ngapi huyu bwana?"

"Jumanne ilikuwa ya kumi na mbili."

"Anaujua mdundo kuliko wimbo wa taifa." Wi alikuwa tayari anavua viatu. "Washa."

Mara ya kwanza alichelewa na mashine ikalia. Mara ya pili kibandiko kimoja kilijikunja. Mara ya tatu mguu ulipoanguka, alibandua vinne, akavibandika kwenye taulo la bluu, akasukuma mfuko pembeni, akashuka kitandani akiwa peku. Mashine ikapumua, ikapiga, ikapumzika. Taa ya kijani haikupepesa. Wi alipita chini ya pazia, akafika kapu lililokuwa miguuni mwa kitanda cha pili, akarudi, akajilaza. Mi-rye alikuwa na saa mkononi.

"Sekunde hamsini na moja. Na mashine ikishamaliza, angevirudisha pajani kabla sijafika."

Simu ikaita. Ban.

"Mkaguzi, hawa wa mbegu walinizungusha, lakini nimepata. Jumatatu saa tatu asubuhi kuna mtu anakwenda kusajili pea mpya, isiyoshika ukungu mweusi. Gil Man-ho. Miadi aliiomba Jumanne, saa nane mchana."

"Miche ya pea hiyo ataitoa wapi?"

"Hilo nimemuuliza Mzee Tak. Anasema Gil ndiye aliyekuwa anambebeshea miche yake, kuunga kikonyo kwenye shina, miaka mitano. Vikonyo anavyo, shamba zima. Kitabu ndicho hakuwa nacho."

"Njoo kliniki na mifuko ya ushahidi," alisema Wi. "Tunakwenda kwa jaji kabla hajafunga ofisi."

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi Gil Man-ho aliingia akichechemea kwa madaha, shati limepigwa pasi, kopo la juisi mkononi kwa ajili ya Daktari Maeng. Alikuwa na miaka arobaini na sita na uso wa mtu anayependwa na wateja. Alipomwona Wi alitabasamu.

"Mkaguzi! Bado hujampata tu mwizi wako? Au ndiyo huyu mmemrudisha kazini?" Alimwashiria Mi-rye kwa kidevu.

"Leo ni siku yako ya tiba, Bwana Gil. Nimemwomba Daktari amruhusu binti afanye kama Jumanne, watu walewale, vitanda vilevile. Nataka nifunge jalada. Una pingamizi?"

"Pingamizi la nini? Mimi nilikuwa nimefungwa kama mbuzi. Mashine ni shahidi yangu."

"Ndiyo maana nimeiita."

Alijilaza. Mama Cheon alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye kitanda cha kwanza. Mzee Tak, mfupi, mkavu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, macho yake yamemganda Mi-rye. Siku nne zilizopita alikuwa amemwita mwizi mbele ya wagonjwa wote. Daktari Maeng alisimama mlangoni na kopo la juisi, hajui aliweke wapi.

Mi-rye alikunja taulo chini ya goti, akabandika vibandiko vipya, akaweka mfuko wa moto. "Thelathini na nane," alisema, akabonyeza.

Tup!

"Ndiyo hiyo!" Mama Cheon alipaza sauti kutoka ndani ya tundu. "Huyo ndiye Gil wangu!"

Tup! Chini, ufagio ukagonga dari.

"Bwana Gil," alisema Wi, akivuta kiti. "Jumanne uligonga hivi hadi mwisho?"

"Bila shaka. Ni mashine, siyo mimi."

"Shahidi wangu anasema ulinyamaza gari la mayai lilipopita. Dakika ya nane."

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila halikuwa na kazi tena. "Labda nilisinzia."

"Wewe ulisinzia. Na mguu?"

"Mguu nao..."

Tup!

"Mguu nao unasemaje?" Wi alisogeza kiti karibu. "Tufanye hivi. Mashine ikipiga tena, uzuie. Kisigino kikikaa chini mara moja tu, mara moja, mimi natoka hapa na kukuomba radhi mbele ya hawa wote."

Gil alimtazama, akamtazama daktari. Akashika kingo za kitanda. Umeme ukaja. Mishipa ya shingo ilimtoka, meno yakasagana, jasho likamchuruzika kwenye shati la pasi, na mguu wake wa kulia ukapanda polepole, ukanyooka, ukakaa hewani mbele ya watu wote sekunde kumi nzima kama mkono wa mwanafunzi anayetaka kujibu.

Tup!

"Hauombi ruhusa," alisema Wi. "Nimejaribu mwenyewe. Kwa hiyo dakika ya nane vibandiko hivi havikuwa kwenye paja lako, na mashine haikulia kwa sababu uliipa kitu kingine cha kula." Aliinua mfuko wa ushahidi, vibandiko vinne ndani. "Hivi ni vyako vya Jumanne. Nywele zako zipo. Na juu ya nywele zako kuna nyuzi za taulo la bluu, vyote vinne. Nieleze paja lako lilianza lini kuota taulo."

Mama Cheon alicheka hadi kikombe kimoja kikabanduka mgongoni mwake na kupiga mluzi mrefu chumba kizima.

"Huo si ushahidi," alisema Gil. Mguu wake ukapanda tena. "Zima hii! Zima!"

Mi-rye alimtazama mkaguzi. Wi alitikisa kichwa kukubali, na mashine ikanyamaza.

"Nyuzi hazitoshi, ni kweli," alisema Wi. "Lakini jana jioni zilimtosha jaji kunipa hati ya upekuzi. Tangu saa tatu Sajini Ban yuko kitaluni kwako."

Gil alijaribu kushuka kitandani akakuta waya zinamshika. Alikuwa bado anahangaika nazo ngazi zilipoanza kulia chini ya viatu vizito. Ban aliingia akihema, mdomo mtupu kwa mara ya kwanza siku nyingi, amebeba kwa mikono miwili kitu kilichofungwa ndani ya plastiki tatu.

"Friji la kimchi, zile kabichi za kuchachushwa," alisema. "Chini ya kabichi zote, chini kabisa. Nimetoa ndoo sita, mkaguzi. Sita! Kinanuka, lakini kurasa zote zipo."

Alifungua plastiki. Jalada jeusi. Mzee Tak hakunyoosha mkono; alisoma namba ya mti kwenye ukurasa wa kwanza kwa sauti, halafu tarehe, halafu akamgeukia Gil.

"Man-ho," alisema hatimaye. "Mimi si ningekupa miche? Si ungeuza wewe wa kwanza?"

Gil alikuwa anatazama sakafu. "Ningeuza kwa jina lako," alisema. "Mzee, maisha yangu yote nauza vya watu kwa majina yao."

"Vaa suruali," Ban alimwambia. "Tunaondoka."

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Wi aliandika mstari wa mwisho kwenye jalada akiwa amesimama, akalituma kwa mwendesha mashtaka likiwa na jina jingine juu, dakika ishirini kabla ya muda. Daktari Maeng aliingia chumbani kwake, akatoka na joho jeupe limekunjwa vizuri, akampa Mi-rye kwa mikono miwili. Mi-rye alilipokea, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Nitalivaa hadi mwisho wa mwezi, Daktari," alisema. "Hospitali ya mkoa imenichukua. Sajini amewaambia kesi imeisha, wamenipigia sasa hivi."

"Wamekuchukua?" Mama Cheon aliinua kichwa kutoka tundu. "Na nyonga yangu je? Afande, mkamate tena!"

* * *

Jumatatu ofisi ya usajili wa mbegu haikuwa imewahi kuona umati. Mama Cheon alikuwa amefunga meza yake sokoni na kukodi basi dogo, akalijaza migongo, mabega na magoti yote ya kliniki, na wote walijipanga nyuma ya Mzee Tak kama wanaharusi. Mlinzi alisema waliokuja kusajili tu ndio waingie. Mama Cheon akamuuliza yeye amesajiliwa wapi.

Karani alifungua daftari, akarudi nyuma kidogo kwa harufu, akaendelea kufungua. Alisoma muda mrefu. Aliuliza maswali kumi na moja, na Mzee Tak alijibu yote bila kuangalia kitabu: mti gani, mwaka gani, mvua ya mwezi gani. Kisha karani akavuta mhuri, akaukandamiza kwenye wino, na kuupiga kwenye karatasi kwa uzito wake wote.

Kelele iliyopigwa hapo ilimfanya mlinzi afungue mlango, akafunga, akafungua tena. Watu walikumbatiana. Sajini Ban alikuwa anagawa ngisi, na hakuna aliyemuuliza wametoka wapi.

Mzee Tak aliichukua karatasi yake, ila hakuisoma. Alipenya katikati ya watu hadi mbele ya Mi-rye, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na Mkaguzi Wi. Mzee wa miaka sabini na minne akaweka mikono yake pajani, mbele ya binti wa ishirini na tisa, akainama hadi mwisho, kichwa chini ya kiuno, na akabaki hapohapo.

"Nilikuita mwizi," alisema kwa sakafu. "Mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Mi-rye aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka. Halafu akaona jinsi mgongo wa mzee ulivyokuwa umepinda, na akaruka kumshika kiwiko.

"Mzee, nimekusamehe, lakini usiinukie kiuno! Kunja magoti. Taratibu. Magoti kwanza!"

Na Mzee Tak, mwenye pea yake, akakunja magoti na kusimama wima.